Kuitafuta Nyumba ya Babu: Kutoka Jinja Hadi Mbale

Barabara itokayo Kampala kuelekea mashariki huufikia mto Nili baada ya kilomita 80 hivi. Tangu tarehe 17 Oktoba 2018 msafiri huvuka mto huo kwa daraja jipya lenye urefu wa mita 525. Baba yake alipita juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Babu yake alivuka kwa daraja la reli lililomalizika mwaka 1931, na aliyemtangulia babu alivushwa majini. Njia za kuvukia zimebadilika mara kwa mara. Mto ni ule ule.

Wengi wavukao hapo wana shughuli zinazojulikana: kazi, biashara, likizo, au uhamisho wa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Lakini miongoni mwao huwamo watu wenye haja ya namna nyingine. Ndani ya bahasha zao mna risiti ya kodi iliyofifia wino, cheti cha ubatizo, picha ya kijana aliyevaa sare ya King's African Rifles, au jina la kijiji lililoandikwa na karani kwa jinsi alivyolisikia. Watu hao wanaitafuta nyumba ya babu. Baadhi yao hutoka wilaya nyingine za Uganda, baadhi hutoka Kenya, na wengine, wenye asili ya Kihindi, hutoka mbali kama London, Leicester na Toronto.

Wapo wanaodhani kuwa jambo hili ni la watu wenye nafasi na fedha za kuchezea. La hasha. Kwa jamaa za askari jeshi na polisi ni jambo zito kuliko kwa wengine. Mtoto wa kambini huzaliwa katika mji mmoja, huanza shule katika mji wa pili, na humaliza katika mji wa tatu. Akiulizwa kwao, hutaja kambi. Siku baba anapofariki dunia ndipo swali linapokuja na kudai jibu kabla ya jua kutua: jeneza lipelekwe wapi? Vivyo hivyo kijana anapotaka kuoa. Wasoga, Wagisu na Waganda hawaoani ndani ya ukoo mmoja, na asiyeujua ukoo wake anaweza kumposa dada yake bila ya kujua. Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Lakini wako wasioiacha asili yao kwa hiari, bali iliwaponyoka njiani.

JINJA, MJI JUU YA VIJIJI

Jina la Jinja limetokana na neno la mawe. Miamba iliyokuwa mahali ziwa linapomwaga maji yake mtoni ndiyo iliyopapa mahali hapo jina. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko yaliyokuwa hapo, akayaita Ripon. Wenyeji walikuwa wakiyafahamu na kuvua samaki wake tangu zamani. Wazee wa siku hizo walipoelekeza nyumba ya mtu, waliweza kuyataja maporomoko kama alama: juu yake, chini yake, ng'ambo yake, au pale ngurumo yake inaposikika.

Hapo ndipo mtafutaji wa leo anapopata somo lake la kwanza. Bwawa lilipojengwa, maji yalipanda na kuyafunika maporomoko ya Ripon. Ngurumo ile haisikiki tena. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, bwawa la Bujagali nalo liliyafunika maporomoko ya Bujagali, yaliyoheshimiwa sana na Wasoga kuwa makao ya roho. Basi maelezo ya babu yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado yasimfikishe mjukuu popote, kwa kuwa alama yenyewe imezama. Sharti atafutwe mzee anayejua alama hiyo ilikuwa upande gani wa mji wa sasa.

Mji wenyewe ulipimwa na Serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Viwanja vilikatwa kwa mistari iliyonyooka, na vijiji vilivyokuwapo vikasukumwa pembeni. Wafanyabiashara wa Kihindi walipewa viwanja kwa mkataba wa miaka maalumu, wakajenga maduka yenye baraza mbele na nyumba ya kuishi nyuma au juu. Alidina Visram, tajiri aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na duka hapa kama alivyokuwa nayo katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Muljibhai Madhvani aliyefika Uganda akiwa kijana alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira mwaka 1930, kilomita chache kutoka mjini.

Atembeaye katika Main Street leo na ainue macho juu ya milango ya maduka. Nyumba nyingi za zamani zimeandikwa kwa saruji jina la mwenyewe, au la mama yake, au la mungu wake, pamoja na mwaka wa kujengwa. Rangi hubadilika kila mpangaji anapobadilika, lakini saruji husema vile vile. Wajukuu wengi waliotoka ng'ambo waliitambua nyumba ya babu yao kwa maandishi hayo, baada ya kuzunguka mji wakiwa na anwani ya sanduku la posta tu mikononi.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Nyumba na maduka yao yaliwekwa chini ya Bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka, na watu wengine wakagawiwa. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu wenye mali waliofukuzwa kudai tena mali zao, na katika miaka ya 1990 wengi walifanya hivyo. Wengine waliuza, na wengine hawakurudi kamwe. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na historia ya wenyeji watatu au wanne, kila mmoja akiwa na haki yake na kumbukumbu yake.

Majina ya barabara hubadilika. Lakini hati ya kumiliki ardhi hutaja namba ya kiwanja, namba ya kitabu na ukurasa wake. Ofisi za ardhi za kanda zipo Jinja na Mbale, na mtu mwenye namba ya kiwanja huweza kuomba utafutaji rasmi kwa kulipa ada. Mwenye kujua jina la barabara pekee atatembea sana. Mwenye namba ya kiwanja atatembea kidogo.

NYUMBA YA KAZI SI NYUMBA YA ASILI

Jambo la pili ambalo Jinja humfundisha mtafutaji ni kutofautisha nyumba mbili. Baada ya bwawa kufunguliwa, viwanda vilifuata: kiwanda cha nguo cha Nyanza, tanuri la kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, na vingine. Vijana walitoka Busoga yote, Bugisu, Teso, Buganda, na hata magharibi mwa Kenya. Wengi walipanga katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba, zilizojengwa na Serikali kwa safu.

Mjukuu anayeambiwa, "Babu yako alikuwa mtu wa Jinja," huenda moja kwa moja Walukuba, akaonyeshwa safu ya nyumba, akapiga picha, akarudi ameridhika. Kumbe ameiona nyumba ya mwajiri. Hakuna tofauti kati ya nyumba hiyo na nyumba ya askari katika laini ya polisi: siku kazi inapokwisha, ufunguo hurudishwa. Ndivyo ilivyokuwa pia Namasagali, mwisho wa reli ya Busoga iliyotoka Jinja mwaka 1912. Makarani na mabaharia waliishi hapo kando ya Nili miaka mingi. Reli ilipofungwa, majengo yake yakawa shule. Atafutaye nyumba ya babu yake Namasagali aweza kuikuta, ikiwa na madawati ndani yake.

Nyumba ya kazi, hata hivyo, si ya kudharauliwa, kwa sababu huweza kuwa mlango wa kuingilia nyumba ya asili. Mwajiri mwenye utaratibu aliandika mtu huyo ametoka wapi. Jeshi la King's African Rifles, ambalo kikosi chake cha 4 kilikuwa cha Uganda, lilimpa kila askari namba, na namba hiyo ndiyo ufunguo wa kumbukumbu zake. Jinja yapo makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mawe yake hutaja jina, kikosi na tarehe ya kufa. Jamaa aliyempoteza mzee wake katika Vita Kuu ya Pili na ayasome mawe hayo kwa utulivu, aandike namba ya askari kama ilivyo, herufi kwa herufi, kwani kosa la tarakimu moja humpeleka mtu katika ukoo usio wake.

PWANI YA ZIWA ILIYOHAMWA

Kusini na mashariki ya Jinja, kando ya ziwa, iko sehemu ambayo huwatatiza watafutaji wengi. Mtu huambiwa na bibi yake kuwa kwao ni Bunya, karibu na maji, akataja na jina la kijiji. Mjukuu akifika huko huwakuta watu wa makabila mengi ambao babu zao walitoka kwingine, na hakuna amjuaye mtu wake.

Sababu ni ugonjwa wa malale. Ugonjwa huu, uenezwao na mbung'o, ulitambuliwa na waganga wa hospitali ya Mengo mwaka 1901, na katika miaka michache uliteketeza watu wa kando ya ziwa katika Busoga na Buganda. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamekufa kufikia mwaka 1906. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Hesketh Bell iliamua kuwahamisha wote waliosalia, bara na visiwani. Watu waliondoka na mbuzi na vyungu vyao. Migomba, mitumba ya magome na makaburi vilibaki. Msitu ukarudi mahali pa mashamba.

Wahamishwa walipokewa na ndugu na wakwe zao katika sehemu za kaskazini, wakapewa ardhi, na watoto wao wakazaliwa huko. Katika miaka ya 1950 sehemu za kusini zilianza kukaliwa tena, na waliokuja walikuwa wengi wao wageni. Malale yalizuka tena Busoga tangu mwaka 1976, na baadhi ya watu wakahama mara ya pili.

Kwa hiyo jamaa ya namna hii ina nyumba mbili za asili: ile ya ziwani iliyohamwa, na ile ya kaskazini iliyopokea. Ya kwanza haionekani kwa macho. Lakini ukoo haukufa na migomba. Koo za Wasoga hujulikana kwa majina yaanzayo na Baise, na kila ukoo una wazee wanaojua matawi yake yalitawanyikia wapi. Anayekwenda kuuliza kijiji hujibiwa, "Hakipo." Anayekwenda kuuliza ukoo hujibiwa, "Keti, mwanangu." Mzee Y. K. Lubogo, Msoga aliyeandika habari za tawala na koo za Busoga, aliwaachia wasomaji kitabu kilichochapwa Jinja kwa Kiingereza mwaka 1960. Kitabu hicho hakitamwonyesha mtu kibanda cha babu yake, lakini humwonyesha mahali pa kuanzia kuuliza.

NJIA YA BUDAKA

Kutoka Jinja barabara hupita Bugembe, yalipo makao ya utawala wa Kyabazinga wa Busoga, kisha miwa ya Kakira, kisha Iganga. Mbele kidogo, Nakalama, njia hugawanyika: ya kulia yaenda Bugiri na Tororo, ya kushoto yaenda Tirinyi na Mbale. Nchi huinama polepole. Mto Mpologoma umetandaza matete na mpunga, na hewa huwa nzito. Ng'ambo ya mto huo Kisoga hukoma, na Kigwere huanza kusikika.

Hapa mtafutaji wa nyaraka hana budi kuwa macho kwa mipaka. Kijiji hakikuondoka mahali pake, lakini wilaya zimepita juu yake kama mawingu. Aliyezaliwa Iganga katika miaka ya 1980 aweza kuwa kwao ni Bugiri, iliyofanywa wilaya mwaka 1997, au Mayuge, iliyofanywa wilaya mwaka 2000. Upande wa Mbale mambo ni mazito zaidi. Neno Bukedi katika barua ya zamani lilihusu nchi pana sana; mwaka 1954 Bukedi na Bugisu zikawa wilaya mbali mbali, na hadi wakati wa uhuru mwaka 1962 watu walikuwa wakishindania mji wa Mbale ni wa nani. Baadaye kutoka Mbale zilizaliwa Sironko mwaka 2000, Manafwa mwaka 2005, na kutoka Manafwa ikatoka Bududa mwaka 2006. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zikapandishwa kuwa majiji, na vijiji vya pembeni vikajikuta mjini.

Kwa sababu hiyo, inafaa kuyaandika maneno yote yaliyomo katika hati ya zamani: saza, gombolola, muluka, na jina la chifu. Wilaya hubadilika upesi. Gombolola hukawia kidogo. Jina la kilima au kijito hudumu.

Budaka yenyewe ni mji mdogo wa kando ya barabara, na wengi hupita bila kushuka. Lakini hapa palikuwa na ngome ya mtu ambaye habari zake hufaa kuwa kielelezo kwa kila mwenye kutafuta nyumba ya mzee wake.

NYUMBA NYINGI ZA KAKUNGULU

Semei Kakungulu alizaliwa Koki karibu na mwaka 1869, akalelewa na kupata cheo Buganda. Mwaka 1899 alishiriki katika vita vilivyowakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabarega. Kisha akaongoza watu wake mashariki ya ziwa Kyoga, akijenga ngome na kukata barabara, akitumaini kuwa Waingereza watamtambua kuwa mfalme wa nchi hiyo. Hawakumtambua. Alitakiwa kuiacha ngome ya Budaka, naye akahamia chini ya mlima, mahali ambapo leo ni Mbale. Wafuasi wake walijenga, soko likaanza, wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi wakaja, na baada ya muda Serikali yenyewe ikahamishia ofisi zake katika mji aliouanzisha.

Mwaka 1906 alipelekwa Busoga kuwa rais wa baraza la machifu, akakaa katika kazi hiyo hadi mwaka 1913. Akarudi Mbale. Akagombana na wakubwa kwa sababu ya ardhi na kwa sababu ya imani, kwani alijiunga na dhehebu lililokataa dawa, na mwaka 1919 akaifuata dini ya Kiyahudi, akajitahiri yeye na wanawe. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928 akazikwa Gangama, karibu na Mbale. Wafuasi wa imani yake, waitwao Abayudaya, wangali wanasali katika kilima cha Nabugoye.

Sasa aulizwe mjukuu: nyumba ya Kakungulu iko wapi? Koki alikozaliwa? Buganda alikopata cheo? Budaka alikofukuzwa? Busoga alikoajiriwa? Mtu huyu habari zake zimeandikwa sana, na bado jibu si moja. Lakini watu wa Mbale wakiulizwa hawasiti: huonyesha Gangama, kwa sababu ndipo lilipo kaburi. Katika nchi hizi nyumba huweza kuanguka, bati likachukuliwa na matofali yakajengea pengine. Kaburi ndilo hati ya mwisho. Mahali mtu alipozikwa na watu wake ndipo wanapopaita kwake.

Mjini Mbale penyewe, karibu na mnara wa saa, mtafutaji atakuta maduka ya zamani yafananayo na yale ya Jinja, na mtaa ambao hadi leo huitwa Indian Quarters. Kiswahili husikika sana sokoni na misikitini, urithi wa wafanyabiashara na askari wa zamani. Juu ya yote umesimama mwamba wa Wanale, na wakati wa mvua maji huteremka juu yake kama nyuzi nyeupe. Bwawa limeizamisha alama ya Jinja, lakini alama ya Mbale haijaondoka. Mzee akisema kuwa nyumba ilikuwa mahali maji ya Wanale yanapoonekana upande wa kulia, maneno yake yangali yanafaa.

MTEREMKONI MWA MASABA

Kwa Wagisu, jina la mahali na jina la watu mara nyingi ni kitu kimoja. Bu- huwa mahali, Ba- huwa watu, na kinachofuata mara nyingi ni jina la mzee aliyeanzisha ukoo. Anayelijua jina la ukoo wake vizuri amekwisha shika nusu ya njia ya kumfikisha kijijini.

Kalenda nayo haikuandikwa kwenye karatasi. Imbalu, yaani tohara ya vijana, hufanywa kila mwaka ugawanyikao kwa 2, na uzinduzi wake hufanyika Mutoto, nje kidogo ya mji wa Mbale. Kila rika hupewa jina linalotokana na jambo lililotokea wakati huo. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa babu fulani atajua bila shaka alitahiriwa na rika lipi, na nani waliosimama naye. Wenzake wa rika wakipatikana, au watoto wao, nyumba imepatikana.

Lakini mlima nao una hukumu yake. Tarehe 1 Machi 2010 udongo wa mlima uliporomoka juu ya Nametsi, wilayani Bududa, ukafunika watu, zahanati na makazi. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia, na wengi hawakuchimbuliwa kamwe. Maporomoko mengine yamefuata. Tangu mwaka 2019 Serikali imekuwa ikiwahamishia baadhi ya jamaa Bunambutye, katika tambarare ya Bulambuli, katika nyumba mpya zilizojengwa kwa safu. Watoto wanaozaliwa Bunambutye leo ndio watakaokuwa wajukuu watafutaji wa kesho. Watauliza nyumba ya babu ilikuwa wapi, na kama hakuna atakayewaandikia sasa, wataonyeshwa mlima mzima.

YA KUFANYWA KABLA YA SAFARI

Nauli ya basi si mwanzo wa kazi hii. Mwanzo ni mkeka wa nyumbani. Bibi na shangazi huulizwa kwanza, kwani wanawake walioolewa katika ukoo hukumbuka mambo ambayo wenye ukoo huyaona ya kawaida: kisima walikochota maji, mti waliopumzikia, jina la jirani aliyewapa moto. Mambo hayo huandikwa katika daftari moja, si katika vipande vya karatasi, na jina la msemaji pamoja na tarehe.

Kisha hufuata karatasi. Madaftari ya ubatizo na ndoa ya makanisa ya zamani hutaja wazazi na kijiji. Vyeti vya kodi, barua za kazi, hati za ardhi na kumbukumbu za utumishi jeshini au polisi hulinganishwa na maneno ya wazee. Palipo na tofauti, yote mawili huandikwa. Haifai kumsahihisha mzee kwa ajili ya karani, wala karani kwa ajili ya mzee, kabla ya kufika mahali penyewe.

Mwisho ni miguu. Mgeni mwenye adabu hufika kwanza kwa mwenyekiti wa LC 1, akaeleza haja yake waziwazi. Huchukua sukari, chumvi na sabuni kwa ajili ya wazee. Hutaja ukoo wake na majina ya waliomtangulia kadiri ajuavyo, kisha hunyamaza na kusikiliza. Tena hueleza mapema kwamba hakuja kudai ardhi. Neno hili ni kubwa kuliko zawadi. Watu wanaoishi leo katika nyumba ya babu wa mtu wana watoto wanaosoma, mazao shambani na wafu wao wenyewe chini ya migomba. Mgeni mwenye bahasha ya karatasi za zamani huwatia hofu usingizini. Akisema kuwa ametaka kuona tu, na kusimama penye kaburi kwa dakika chache, mara nyingi mlango hufunguka, na wenye nyumba wenyewe humpeleka kwa mzee ajuaye zaidi. Mwenye madai ya kweli ana ofisi za Serikali na mahakama. Uani kwa watu si mahali pake.

Kwa jamaa za kambini iko kazi ndogo isiyongoja likizo. Jioni moja, chakula kikiisha kuliwa, baba na mama na waandike katika jalada la daftari la kila mtoto mambo haya: jina la ukoo, jina la babu na la aliyemzaa babu, kijiji, gombolola na wilaya kama vilivyo sasa na kama vilivyoitwa zamani, mahali walipozikwa wazee, na jina la mtu mmoja aliye hai huko anayeweza kuwatambua. Upande wa mama uandikwe vivyo hivyo. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Askari akipata uhamisho, daftari hilo lifungwe pamoja na vyeti vya shule.